Kituo cha Kwanza

Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilikuwa na desturi ambayo mgeni angeidhani uvivu. Siku ya kuondoka, baada ya ngoma, baruti na kuagana, wapagazi walikwenda mwendo mfupi tu kisha wakatua mizigo. Henry Stanley alipotoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, kituo chake cha kwanza kilikuwa Shamba Gonera, si mbali na mji. Katika kituo kama hicho ndipo ilipojulikana nani katoroka, furushi gani limefungwa vibaya na kitu gani kimesahauliwa, na mji ungali karibu wa kurudia. Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, aliifikia tarehe 23 Juni.

Kijana mmoja wa Unguja, fundi wa kompyuta mjini Tabora, hakuwa na habari ya desturi hiyo. Alitunza ruta ya mgahawa mdogo wa intaneti. Ruta ndiyo kirangozi wa mtandao: yeye hajui barua imeandikwa nini, ila anajua njia ya kuipitisha.

Ruta haiamki kwa mkupuo. Huanza programu ndogo, ikavikagua viungo vyake, ikaitafuta programu kubwa katika kumbukumbu ya kudumu na kuipakia; halafu ndipo mipangilio ya mwenyewe husomwa. Katika ruta za aina ile, programu ndogo iliweza kuamriwa ingoje sekunde chache, ili ile kubwa ikiwa imeharibika, nakala nzima ipenyezwe kwa waya kutoka kompyuta iliyo pembeni. Kijana aliufuta ungojaji huo. Alitaka ruta yake iwake upesi kuliko za wenziwe. Na kwa kweli iliwaka upesi, hilo hawezi kunyimwa.

Siku moja ya mvua za radi, alipokuwa akibadilisha programu, umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliposimama, taa moja ya ruta ilibaki ikipepesa bila kukoma. Katika benchi alikaa mzee aliyekuja kutafuta habari za bintiye wa Maskati, aliyelazwa kwa kupasuliwa.

"Shikamoo, Mzee. Leo bado kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Nitakaa."

Kijana aliishuku kwanza adapta, na hakukosea kuanzia hapo. Adapta kuukuu huonyesha volti 12 ikipimwa peke yake, kisha ikaporomoka pale ruta inapoamka na kudai umeme wake. Akaipima ikiwa na mzigo, ilikuwa nzima. Akabonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya awali, kimya. Lau ruta ingekuwa inangoja, ingekuwa kazi ya dakika chache. Sasa ilimbidi aifungue, achomelee nyaya tatu kwenye bodi kwa risasi, aziunganishe na kompyuta, kisha aikatize programu ndogo katika nukta ileile inapoamka. Mara ya kwanza alichelewa. Ya pili alichelewa. Adhana ya magharibi ilimkuta angali anazima na kuwasha, mzee akaenda kuswali na kurudi, na ndipo herufi ziliposimama kwenye kioo, zikimsubiri yeye.

Programu mpya ilipoingia, amri ya kwanza aliyoirudisha ni ile ya kungoja. Akaichomeka ruta kwenye kile kifaa ambacho watu hulindia friji, kinachouzuia umeme dakika kadhaa mpaka utulie.

"Sasa hii inangoja nani?" mzee akauliza.

"Inangoja kama kuna kilichosahauliwa."

Mzee akacheka. Babu yake alikuwa mpagazi, akasema, na alipenda kuwasimulia kwamba usiku wa kwanza wa safari hulala mtu pale anapouona bado moshi wa jiko la kwao.

Taa ya mwisho ikawaka. Barua ilikuwamo, ya tangu juzi, na aliyeiandika ni binti mwenyewe.