Kelele za Pangaboi

Ndugu msomaji mwenye gari kuukuu, usidharau mlio wa mbele ya injini. Land Rover yangu ya mwaka 1978 ilianza kukwaruza tulipokuwa tukipanda kutoka Sakina kwenda Ngaramtoni. Fundi mmoja mjini akasema alteneta imekufa. Nikanunua nyingine kwa fedha za sare za watoto. Kelele zikabaki pale pale.

Ndipo nikaamua kupima mwenyewe. Injini ikiwa imepoa, nilivua mkanda, nikaiwasha kwa nusu dakika tu, maana bila mkanda maji hayazunguki. Kimya! Nikaizima, nikashika pangaboi na kulitikisa mbele na nyuma. Likacheza kama jino bovu. Pangaboi la gari hili limefungwa kwenye pampu ya maji. Kumbe iliyokuwa ikilia ni beringi ya pampu, na chini yake palikuwa na michirizi ya maji. Beringi hiyo ikikatika njiani, pangaboi huweza kuitoboa rejeta.

Mama watoto alikuwa ameniuliza zamani, “Mbona rejeta inakunywa maji kila asubuhi?” Nami nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya mafundi.