Si Uchawi, ni Damu

Sisi tunaofundisha wachumba mbele ya ndoa tunasikia mara nyingi neno baya: mtoto analia mifupa usiku, basi mama yake ni mchawi. Hapana! Ugonjwa ule tunaouita SS hutoka kwa baba na mama pamoja. Mwenye AS kwa kawaida haugui, wala hajijui. Lakini AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto SS. Chembe za damu yake hujipinda kama mundu, huziba mishipa; ndiyo maumivu yenyewe.

Waganga hawakulala. Toka 2014 walijaribu hidroksiurea, dawa ya kumeza kila siku, kwa watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Waliogopa isije ikazidisha malaria. Kumbe, habari iliyochapwa 2019 yasema malaria yenyewe ilipungua, na maumivu, na kuongezewa damu, hata vifo. Haiondoi ugonjwa, na damu lazima ipimwe mara kwa mara.

Wachumba tukiwaomba wapimwe, wengine wanachukia: «Katekista, mnataka kutuachisha?» Hatuachishi mtu. Lakini mtaani kwetu yuko mama aliyefukuzwa na mtoto mgongoni. Yeye amekwisha pimwa: AS. Mume angali anakataa.