Nani Atamshika Mtoto?

Hapa Nyakoe pampers huuzwa moja moja. Mwenye duka la kando ya lami, hii itokayo mjini Kisii kwenda Oyugis na Kisumu, hufungua pakiti akazipanga kwenye beseni dogo karibu na peremende, na mama anayepita jioni huchukua mbili akaenda zake. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima, hiyo ni hasara. Lakini anayenunua mbili si kwamba hajui hesabu. Anatafuta usiku mmoja mkavu, na pesa ya pakiti nzima leo hana.

Mchana ni nepi za kitambaa, na hapo adui ni mvua. Milima ya Gusii hunyeshewa karibu mwaka mzima, na mvua yenyewe hupenda kuja alasiri, wakati nepi zimekauka nusu. Ukizianika juu ya jiko zinanuka moshi. Ukimvalisha mtoto zikiwa na unyevu, kesho mapaja yamewiva kwa vipele. Kwetu, kilichomaliza shida hiyo hakikutoka duka la watoto. Kilitoka kwa muuza vifaa vya ujenzi: mabati mawili, mbao na kamba, tukajenga kibanda kisicho na kuta nyuma ya jikoni, upepo upite na mvua isifike. Pampers tukaziachia usiku na safari. Nazo zina kesi yao baada ya kutumika: haziungui vizuri, haziozi, na ukizitupa kwenye choo cha shimo kinajaa kabla ya wakati wake.

Kibanda kile, ambacho yeyote aliye nyumbani anaweza kukitumia, ndicho kilichonifundisha kuuliza swali moja kabla ya kununua chochote cha mtoto: ni nani atakayekitumia mimi nikiwa sipo? Maandishi ya kwenye maboksi humzungumzia mama aliye peke yake na mwanawe, chumba safi, maji ya bomba, mchana kutwa. Mtoto wa huku hupita mikono mingi kabla jua halijatua.

Wageni waliliona hilo zamani. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani, alifanya utafiti Gusii miaka ya 1950, akarudi na wenzake katikati ya miaka ya 1970, na kitabu chao kuhusu malezi ya hapa kikatoka 1994. Waliwalinganisha mama zetu na mama wa Boston. Wa Boston aliongea sana na mtoto wake mchanga, akamwangalia usoni, akamchekesha. Wa Gusii hakuwa na maneno mengi. Mtoto akilia alibebwa upesi, akanyonyeshwa, akatulia. Mama alipokwenda shambani, mtoto alibaki na omoreri, dada au kaka wa miaka sita, saba hivi, aliyembeba mgongoni boma zima. Nikisoma habari hizo nawaona shangazi zangu mmoja mmoja.

Tangu Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure, omoreri yuko darasani. Ni haki yake, na hakuna anayetaka arudishwe nyumbani. Ila pengo aliloliacha ndilo linaloleta biashara: kigari cha kujifunzia kutembea, kiti cha kubembea, kila chombo kinachoahidi kumshika mtoto mama anapofanya kazi. Duka limechukua nafasi ya omoreri, na si kila mara linaiweza kazi hiyo.

Chukua kigari hicho chenye magurudumu. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004, kwa sababu watoto walikuwa wakiporomoka nacho kwenye ngazi. Sasa kilete kwenye boma la Gusii, ambako uwanja wenyewe ni mteremko na jiko la makaa liko barazani. Ningemfukuza anayeniletea. Leso ya kumbebea mtoto, kwa upande mwingine, haihitaji maelezo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Ann Moore, aliyewaona mama wa Togo wakibeba watoto mgongoni, alitengeneza mbeleko ya kisasa aliyoiita Snugli na kuipatia hataza. Leo mbeleko za aina hiyo huuzwa madukani Nairobi kwa maelfu ya shilingi, na mama mwenye leso mbili kabatini anajiona hajakamilika.

Kwenye maziwa ndiko pesa nyingi hupotelea. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, asipewe hata maji. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu. Hiyo mitatu inayobaki ndiyo inayouza pampu na maziwa ya kopo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, ni kweli, lakini anayeuza ndizi kando ya barabara mwajiri wake ni nani?

Wifi yangu wa Nairobi alituletea chupa ya kisasa, ya kuzuia gesi tumboni, yenye vipande vingi vya kufungua na kuosha. Mama mkwe alivipanga mezani, akaokota kipande kidogo kuliko vyote. "Mama Mtoto, hiki kidude kikipotea, huyu atalala njaa?" Sikuwa na jibu. Tukatumia kikombe. Mtoto unamketisha wima mapajani, shingo umeishikilia, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini tu. Humimini. Ulimi unatoka wenyewe, unalamba, unapumzika, unalamba tena kama paka. Mara ya kwanza nusu huishia kwenye kifua cha nguo, kisha anazoea. Kikombe hakina kona ya kufichia uchafu, na mpwa wangu wa darasa la nne anajua kukiosha, jambo ambalo singeweza kusema juu ya chupa ile.

Kukamua maziwa ya mama kwa mkono hakuhitaji stima. Kunahitaji sabuni, chombo kilichochemshwa na mahali pa kukaa bila haraka. Maziwa hayo hukaa salama kama saa nne nje, au hadi siku nne kwenye friji. Usiyaweke vuguvugu kwenye thamosi, hata kama mvua ya Kisii inakufanya umwonee mtoto huruma: hali hiyo ya vuguvugu ndiyo vijidudu wanayoipenda.

Vilivyobaki ni vidogo. Poda sinunui; vumbi lake huingia kifuani mwa mtoto, na hata Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya talki dunia nzima mwaka 2023. Dawa ya tumbo ya kioski nayo nimeiacha dukani. Arimis, mafuta ya kukamulia ng'ombe, ipo nyumbani, na ngozi ya mtoto haijalalamika. Nguo ni za mitumba kutoka soko la Daraja Mbili, zilizofuliwa kwa maji moto na kupigwa pasi, nami huchagua zenye vifungo vya mbele, maana nyanya mwenye vidole vinavyouma hawezi kupitisha kichwa cha mtoto anayelia kwenye shingo ya nguo iliyobana.

Shule zikifunguliwa mpwa wangu, anayetusaidia kumshika mtoto, ataondoka, kwa hiyo wiki iliyopita nilikwenda kumwona mama anayelea watoto karibu na soko. Alinionyesha vitu vya kuchezea kwanza. Nikamwomba anionyeshe anapoanika nepi, sufuria ya kuchemshia vyombo, na wale wanaomsaidia watoto wakiwa wengi. Kamba yake iko chini ya mabati. Chupa za watoto wote, hata hivyo, zilikuwa ndani ya ndoo moja. Tulikubaliana kwamba nitaleta kikombe changu, nimekitia alama ya rangi ya kucha, na kwamba siku ya kwanza nitakaa naye hadi saa sita nimwonyeshe mtoto anavyonywa. Ada analipisha kwa siku, si kwa mwezi, na siku ya mvua kubwa hafungui.