Simu za Ndani, Kemambo

Kabla ya safari ile, Kemambo niliijua kwa habari za dhahabu tu. Ukiitaja Nyamongo, eneo ilipo Kemambo, popote Kanda ya Ziwa, watu wanafikiria mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na makarasha ya wachimbaji wadogo. Mimi nilikwenda kwa kazi nyingine. Shule moja ya bweni ilitaka simu za ndani, nami nilibeba seva ndogo, swichi, kebo na simu za mezani za mtumba.

Basi la Sirari kutoka Mwanza lilitupitisha Magu, Lamadi na Bunda. Wanaosema teknolojia haijafika huku wamesahau kwamba miaka ya 2000, taasisi ya teknolojia ya DIT, tume ya sayansi na teknolojia COSTECH na chuo cha KTH cha Sweden walijenga mtandao wa kasi kati ya Bunda na Serengeti. Kazi ile inastahili kukumbukwa zaidi. Tukavuka daraja la Kirumi, mafunjo ya Mto Mara yametanda pande zote, tukapanda hadi Tarime penye baridi. Kutoka hapo ni bodaboda, kupitia Nyamwaga, kisha unateremka na joto linakupokea.

“Karibu, mura,” mzee wa lango aliniambia, akanipokea mzigo.

Shida yao niliielewa jioni ileile. Bweni la wasichana liko mbali na nyumba za walimu. Mtoto akiugua usiku, matroni humpigia mwalimu wa zamu kwa simu yake mwenyewe, kwa salio lake mwenyewe, na likiisha anatembea gizani.

Programu niliyoipeleka ni Asterisk. Mark Spencer aliiandika mwaka 1999 huko Alabama, Marekani, kwa kuwa mtambo wa simu wa kampuni yake changa ulimshinda bei, akaachia msimbo wake utumiwe na yeyote. Kompyuta ya kawaida yenye Linux inageuka swichibodi. Debian 12 haina Asterisk katika hazina yake, kwa hiyo msimbo na vifurushi vinavyohitajika nilivipakua nikiwa Mwanza. Nilitaka mwalimu wa kompyuta aandike kila amri kwa mkono wake, maana mimi nitaondoka naye atabaki. Katika faili la pjsip.conf alizipa simu namba na nywila, katika extensions.conf akaieleza seva namba ipi iite simu ipi: 101 ofisi, 102 lango, 103 bweni, 104 zahanati ya jirani. Vitabu vingi vya zamani bado vinafundisha moduli ya zamani ya chan_sip, ambayo iliondolewa katika toleo la 21 mwaka 2023. Anayeanza leo aiache.

Kebo ya mtandao haipaswi kuzidi mita 100, hivyo bweni na zahanati tuliziunganisha kwa antena. Matroni akapiga ofisini. Sauti yake ilitufikia safi, yetu haikumfikia.

“Haloo! Fundi, mbona kimya?”

Simu za aina hii zina njia mbili. SIP, kwenye lango la 5060, hupanga maongezi. Sauti yenyewe hupita kando, kwenye milango ambayo kwa kawaida ni ya 10000 hadi 20000. Simu ndiyo inayotaja anwani ya kupelekewa sauti. Rauta ya bwenini ilikuwa inagawa anwani zake yenyewe, zisizojulikana nje ya bweni, na seva ikawa inatuma sauti zetu mahali pasipokuwepo. Iko mipangilio ya kuikwepa hali hiyo ndani ya Asterisk, lakini kuondoa chanzo ni bora. Tulizima ugawaji wa anwani kwenye rauta ile, tukahamisha kebo kutoka tundu la WAN kwenda la LAN, mtandao wote ukawa mmoja. Matroni akapiga tena, na safari hii akacheka.

Sauti zinazokuja na Asterisk ni za Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine chache, Kiswahili hakimo. Basi matroni huyohuyo akarekodi, kwa lafudhi yake ya Kikurya, maneno anayoyasikia mgeni akiinua simu ya langoni: “Karibu shuleni. Bonyeza moja kwa ofisi, mbili kwa bweni, tatu kwa zahanati.” Faili ni WAV, mono, hezi 8000, ndani ya folda ya sw. Sijasikia swichibodi yenye sauti nzuri kuliko ile.

Laini za nje hatukuunganisha. Huko kuna taratibu za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na seva iliyo wazi kwenye intaneti huwindwa na wezi wanaotafuta nywila dhaifu ili wapige simu za ng’ambo kwa gharama yako. Umeme ukikatika, betri ya ofisini huilisha seva na swichi. Bwenini kuna paneli ndogo ya sola.

Walimu wa kompyuta na vyuo vya VETA, wafundisheni vijana kazi hii. Msimbo haulipiwi, na kompyuta ya zamani inatosha. Anzeni na simu mbili tu: ofisi na bweni.