Vinoo vya La Batte

Kila Jumapili asubuhi mji wa Liège, huko Ubelgiji, ulishuka kwenye ukingo wa mto Meuse. Soko la La Batte lilijinyoosha kando ya maji: jibini, maua, kuku hai, nguo, na hapa na pale watu waliotandaza chini mali za marehemu. Hao ndio tuliowafuata. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nami nilikuwa mwanafunzi niliyepanga chumba juu ya duka la kinyozi mmoja mzaliwa wa Lubumbashi. Nilimwita Papa, kama wazee wanavyoitwa kwao. Yeye aliniita Mtanga.

Saa za ukutani na sahani za maua Papa alizipita bila kugeuka. Aliinamia masanduku ya spana na misumari, akachomoa kipande cheusi cha jiwe kilichoganda mafuta, akalowesha kidole kwa mate na kusugua pembeni mpaka manjano hafifu yakachungulia. "Huenda kimetoka Salm," alininong'oneza kwa Kiswahili ili muuzaji asielewe. "Lakini tusikipe jina kabla hakijanoa." Kisha akageukia Kifaransa na kuanza kulalamikia bei.

Huko Salm alinipeleka kwa treni, kupitia Trois-Ponts hadi Vielsalm. Katika kijiji jirani cha Salmchâteau karakana ya zamani imegeuzwa makumbusho ya jiwe hilo la kunolea, liitwalo kotikule. Wachimbaji waliingia chini ya vilima vya Ardennes wakifuata mshipa wa manjano uliobanwa ndani ya mwamba wa buluu iliyoiva zambarau. Mshipa wenyewe ni mwembamba na jiwe lake huvunjika upesi, ndiyo maana mafundi walilikata mabamba na kuyagundisha juu ya sleti. Kinachonoa humo ni garneti, chembe ndogo kuliko unene wa unywele, zilizojaa ndani ya jiwe kiasi kisichohesabika. Mimi wa Tanga nilizijua garneti za bonde la Umba, zile zinazopimwa kwa karati na kugombaniwa na madalali. Sikujua kwamba zipo nyingine ambazo hakuna atakayeziona kwa macho, na ambazo thamani yake yote iko kwenye shavu la mtu.

Kazi ya kulitambua jiwe ilifanyika jikoni. Kwanza lililala usiku kucha ndani ya maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji ya moto Papa aliyakataza, kwa sababu gundi za zamani huachia na bamba la manjano likabanduka. Asubuhi alilisugua kwa mswaki, akalisoma ubavuni. Mpaka wa rangi mbili ukiwa umenyooka kama rula, jiwe limegundishwa. Ukipinda na rangi zikaingiliana, limetoka ardhini hivyo hivyo. Baada ya ubavu alisoma tope: alilisugua jiwe kwa kipande kingine na matone ya maji, na upande wa manjano ukatoa tope jeupe, wa buluu ukatoa la zambarau.

Lebo hakuziamini sana. Karatasi, alisema, hubandikwa na yeyote. Na si kila kinoo ni cha Salm. Yako mawe ya Thuringia kutoka Ujerumani, ya kijivu, samawati au kijani, yaliyouzwa na kampuni ya Escher kwa vinyozi wa nchi nyingi. Yako ya Charnley Forest kutoka Uingereza, ya kijani yenye michirizi myekundu, ambayo wenyewe waliyatumia kwa mafuta. Na vipo vinoo vya kiwandani, vya rangi moja tu, bila mshipa wala doa, ambavyo muuzaji wa Jumapili aliviita vya kale bila kupepesa.

Kulisawazisha jiwe ndiko kulikonichosha mikono. Papa alichora miraba ya penseli juu ya uso wake, akatandaza msasa wa maji juu ya kioo kinene, na zamu ikawa yangu. Maji yalitiririka muda wote, kwani vumbi la mawe ya namna hii huharibu mapafu. Penseli ilifutika kandoni ikabaki katikati, na hapo ndipo lilipoonekana bonde lililochimbwa na nyembe za watu tusiowajua. Nilitaka kuendelea mpaka uso ung'ae wote. Papa alinishika mkono. Manjano yaliyobaki yalikuwa membamba, na unachokisaga hakirudi. Pembe iliyovunjika aliiacha ilivyo. Kingo tu alizilainisha kidogo, maana kona kali hung'oa makali ya wembe.

Ndipo ukaja wembe wa kukunja, ule aliojinyolea mwenyewe. Wateja wa dukani aliwanyoa kwa nyembe za kutupwa, kama afya inavyotaka. Alianza na tope zito linalokula chuma haraka, akawa anadondosha tone la maji kila baada ya mipigo michache, tope likipungua nguvu, mpaka wembe ukapita juu ya maji matupu. Jiwe moja likawa limefanya kazi ya mawe matatu. Akaupitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi, akapaka povu, akanyoa. Shavu likiridhika, ndipo alipoandika kwa penseli chini ya sleti: Salm.

Habari zilisambaa, wakusanyaji wakaanza kuja. Waliulizia lebo na mpaka uliopinda, wakataja fedha ambazo zingelipa kodi ya chumba changu. Papa aliwauliza swali moja: wembe uko wapi? Aliyeutoa mfukoni alivutiwa kiti, wakanoa pamoja, akaondoka na jiwe kwa bei ya La Batte na nyongeza ya jasho langu. Aliyekuja na fedha peke yake aliondoka nazo.