Damu Haitaki Maji ya Moto

Kuna elimu moja ambayo sisi wasichana tunarithishana kwa kunong'onezana, na leo mimi nataka kuisema kwa sauti: damu haitaki maji ya moto. Ukiamka asubuhi siku zako zimeingia usiku na shuka lina doa, usikimbilie jikoni. Yale maji ya moto tunayoyaamini kwa kila uchafu, hapa yanakugeuka.

Wala si uchawi. Damu imejaa protini, na protini ikipata moto inaganda, kama ute wa yai kwenye kikaango. Yai bichi likimwagikia kanga yako, maji yanalitoa. Hebu lichemshie humo humo, uone kama litabanduka! Damu nayo ikiivia ndani ya nyuzi za pamba ndiyo imeshahamia.

Basi chukua maji ya baridi, na fanya upesi. Kama doa limeshakauka, loweka nguo kwenye maji ya chumvi nusu saa au zaidi. Yakiwa mekundu mwaga, weka mengine. Kisha paka sabuni ya mche, fikicha nguo kwa nguo, suuza. Sabuni nyingi za unga za siku hizi zina vimeng'enya vinavyokata protini vipande vipande, kwa hiyo loweka saa kadhaa, zifanye kazi na wewe ukisoma kitabu. Usizitumie kwa hariri wala sufu, maana nazo ni protini na zitaliwa vile vile.

Doa likizidi ukaidi, nenda duka la dawa ukanunue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Utaona povu jeupe linachemka. Ni kimeng'enya kilichomo kwenye damu yenyewe kinachoivunja dawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Lakini inapausha rangi, jaribu kwanza kwenye pembe ya pindo. Na kama unatumia Jik kwenye mashuka meupe, usiichanganye na siki, limau wala dawa nyingine, inatoa hewa ya sumu. Pasi isubiri mpaka doa liishe kabisa.

Godoro la sponji usilimwagie maji, utaizamisha damu ndani. Chovya kitambaa kwenye maji baridi ya chumvi, kamua, gusagusa doa, badilisha upande wa kitambaa, rudia. Halafu lisimamishe juani. Majirani watasema nyumba hii ina kikojozi. Waache waseme.

Haya yote mtu anajifunza kwa siku moja. Kinachotushinda ni kamba.

Ninapokaa Dar ni nyumba ya kupanga: vyumba sita, ua mmoja, kamba moja. Ninakaa na mdogo wangu, yuko kidato cha pili. Mwaka jana Jumanne moja nikamkuta kitandani, saa mbili asubuhi, wenzake wako darasani.

"Unaumwa?"

"Hapana dada. Sketi haijakauka."

"Si uliifua tangu Jumapili?"

Akainama, akaivuta kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa mbichi, inanuka kwapa la ukuta. Doa lilikuwa limetoka lote, amelifikicha vizuri kuliko mimi. Nyuma ya sketi vikafuata vitambaa vyake vinne, navyo vibichi, navyo visafi. Siku mbili za shule zilikwenda kwa sababu nguo safi imeanikwa gizani.

Nikavitoa vyote nikavitundika uani. Mama mwenye nyumba akatoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, vitu hivyo vina stara yake."

"Vimefuliwa, mama. Ni visafi."

"Najua ni visafi. Macho ya watu ndiyo si masafi."

Sikumdharau, na sitaki wewe umdharau. Amekua akiambiwa kwamba kitambaa cha hedhi kikionekana, mwenye nia mbaya atakichukua akamfungie mtoto kizazi. Kwake yeye kuficha ni kulinda. Lakini unyevu hausikilizi nia njema. Kitambaa kisichokauka sawasawa kinafuga kuvu na bakteria, nacho kinakwenda kuvaliwa pale penye ngozi laini kuliko zote. Wahenga walishasema, mficha uchi hazai.

Tulibishana kwa adabu mpaka chai ikapoa. Mwisho akanionyesha msumari ukutani, upande wa pili wa bafu, jua linapapiga mpaka saa saba. Nikafunga kamba yangu pale. Si katikati ya ua, lakini si chini ya kitanda.

Mtu ataniambia, si anunue pedi tu? Jamani, wangapi wananunua kila mwezi? Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliondoa VAT kwenye pedi, mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei haikumshukia mnunuzi. Huku nyuma wasichana waliendelea kuchana kanga kuukuu. Na hata mwenye pedi, usiku akijigeuza, shuka halimwulizi alinunua ya shilingi ngapi.

Hofu yenyewe haichagui cheo. Februari 2023 Gloria Orwoba, wakati huo seneta wa Kenya, aliingia bungeni Nairobi na suti nyeupe yenye doa jekundu. Alisema aliliona, akaamua kuingia hivyo hivyo. Wenzake wakalalamika, akatakiwa atoke akabadilishe. Bunge ambalo lina kazi ya kuzungumzia maisha ya watu lilishindwa kukaa chumba kimoja na doa!

Sasa nije kwetu sisi tunaoandika. Katika riwaya tulizokua tukiazimana, damu ilikuwa inamwagika kila sura. Willy Gamba wa Elvis Musiba alipita katikati ya maiti, na hakuna msomaji aliyeona haya. Damu ya risasi tunaisoma kwenye daladala mbele za watu. Hii nyingine, ambayo bila yake hata huyo Willy Gamba asingezaliwa, tunairukia mstari.

Wewe mwenzangu unayetunga hadithi ya binti wa mjini, anayependa, anayeachwa, anayetafuta kazi: mwaka mzima amepita kwenye kurasa zako na hajafua hata mara moja? Mpe beseni, maji ya baridi na kipande cha sabuni. Na wewe kaka, ukikuta dada yako ameanika, usiulize ni nini. Mvua ikianza, mwanulie.