Fomu ya Kuhama Isubiri

Mpwa wangu mpenzi,

Hapa Mombasa nyanya yako goti linamsumbua, lakini anakuombea dua kila alfajiri. Nakuandikia kwa sababu ya neno nililolisikia kwa mama yako: eti unataka kukihama chuo chako kidogo hapo Kansas uende chuo kikuu cha jimbo, kwa kuwa wenzako wa huku hawajapata kulisikia jina lake, na kwa kuwa wanakusomesha falsafa ilhali wewe ulifuata baiolojia.

Mwanangu, jina la chuo halimfundishi mtu kazi ya maabara. Mimi nilisoma chuo chenye jina. Kwenye zoolojia tulikuwa kundi zima kwa hadubini moja, na mara nyingi zamu yangu ikifika, muda umekwisha. Hata hivyo nilifaulu, tena vizuri sana. Nilipoomba ufadhili wa shahada ya pili, nikamwendea profesa aniandikie barua ya kunipendekeza. Akaniuliza jina langu, na alikuwa amenifundisha tangu mwaka wa kwanza. Barua aliyoandika ilikuwa mistari michache ambayo ingemfaa mwanafunzi yeyote. Nafasi akaichukua mwingine niliyemshinda alama, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Wewe juzi ulinitumia picha za ini la panya ulilolikata mwenyewe kwa mikrotomu, ukalitia hematoksilini na eosini, viini vya seli vikatoka zambarau na sehemu nyingine waridi. Ukasema vipande vya kwanza vilichanika, na mwalimu akakaa nawe hadi jioni. Huyo ndiye atakayekuandikia barua yenye uzito. Unamwacha umfuate nani?

Wangari Maathai naye alisomea baiolojia chuo kidogo cha masista, hapo hapo Kansas, mjini Atchison, akahitimu 1964. Mwaka 1966 akapata uzamili Pittsburgh, na 1971 uzamivu Nairobi. Udogo wa chuo haukumzuia. Na falsafa isikukere: alipowahimiza kina mama wapande miti, kuanzia 1977, ilimlazimu kuijua sayansi na kujua kusema na watu.

Mengine kwa ufupi. Muhula ukiendelea usivuke saa 20 za kazi kwa wiki. Viza yako haikuruhusu. Kemia ogania isome kila siku, usiilimbikize. Na ujue kwamba msaada wa karo unaopewa na chuo hicho hautakufuata ukihama. Mama yako hana pa kuutoa mwingine, na mimi pensheni yangu unaijua.

Wiki hii mwendee mwalimu wako umwombe nafasi ya utafiti wa kiangazi, kabla wengine hawajakuwahi. Fomu ya kuhama usiijaze mpaka tuzungumze, mimi, wewe na mama yako.

Mjomba wako akupendaye